Mugariga, msunguti na bamba ambalo hatukuonyeshwa

Tamko la serikali la Machi 2011 kuhusu kikombe cha Samunge, ile dawa ya mizizi iliyochemshwa iliyotolewa katika kijiji hicho cha Loliondo, lilikuwa kosa la kitaalamu, na nalirudia hilo nikijua kwamba baadhi ya wasomaji wangu wa Sengerema wameshachoka kulisikia. Sigusi imani ya mtu. Aliyekwenda Loliondo kwa imani alikuwa na haki yake, na mtoa dawa mwenyewe, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, maarufu kama Babu, alishafariki Julai 2021. Ugomvi wangu uko maabara. Serikali ilitangaza kwamba uchunguzi wa awali umeonyesha dawa ile haina madhara kwa binadamu, na sisi wananchi tukaachiwa tangazo hilo tu. Hatukuonyeshwa bamba la kromatografia. Hatukuona kromatogramu. Hatukuambiwa ni kiashiria gani kilitafutwa kikapatikana, na kipi kilitafutwa kikakosekana. Mti uliochemshwa, mugariga, una ndugu yake wa ukoo mmoja ambaye wawindaji wa Afrika Mashariki humchemsha kupata sumu ya mishale, na tamko likapita pembeni kama vile ndugu huyo hajawahi kuota katika nchi hii.

Foleni ya magari siisimulii, kila mtu anaikumbuka. Wa huku ziwani walipitia Bunda na Mugumu, wakapasua Serengeti, wakafika na wagonjwa wao wakiwa hoi, na wengine walifia njiani. Kikombe shilingi 500, unakunywa palepale mbele ya Babu, unaondoka. Utambuzi wa mti ulikuwa sahihi: mugariga ni Carissa spinarum, ule ambao vitabu vya zamani vinauita Carissa edulis, Wamasai wanauita olamuriaki, Waluo ochuoga, na Waganda muyonza. Kazi safi. Tuendelee.

Sasa mtazame ndugu. Msunguti, Acokanthera schimperi, olmorijoi wa Wamasai, uko naye katika familia ya Apocynaceae. Majani yanakaa mawili mawili, mazito, yanang'aa. Ukivunja tawi linatoa utomvu mweupe, kote kuwili. Maua ni meupe yenye wekundu kidogo, yananukia, kote kuwili. Matunda yakiiva yanakuwa zambarau iliyokolea, kote kuwili. Mtoto wa mchungaji wa mbuzi atakwambia tofauti bila kufikiri: mugariga una miiba, msunguti hauna. Amesema kweli, na kwa kichaka kilichosimama hakuna haja ya maabara. Lakini Samunge hawakuchemsha kichaka. Walichemsha mizizi, na mzizi hauna mwiba wala ua. Uuchimbe, uukate vipande, uuanike siku chache, ujaze gunia: hapo hata mchimbaji mwenyewe ataapa kwa kukumbuka alikochimba, maana macho yatakuwa yameshindwa kazi.

Ndiyo maana nasema swali lilikosewa kabla jibu halijatafutwa. Walioketi kuamua walijiuliza kama dawa hii inadhuru, na kwa swali hilo wakaenda kwenye kikombe na kwenye maandiko yaliyokuwapo tayari kuhusu Carissa. Jibu likarudi zuri, kwa sababu Carissa ni mti wenye sifa njema: matunda yake yanaliwa, na mizizi yake imetumika tangu zama za mababu kwa maumivu na homa. Mtu akikwambia mugariga halisi haukuwatia watu sumu, usibishane naye, mimi mwenyewe sibishani. Swali ambalo maabara ipo kwa ajili yake lilikuwa jingine: huu uliomo ndani ya chungu leo ni mugariga mtupu, na kesho gunia jipya likiletwa tutajuaje? Kwa swali hilo, sampuli moja iliyopimwa siku moja haisaidii chochote. Inasema habari za sampuli hiyo, na siku hiyo.

Uamuzi wa namna hii una ubaya wa pekee, kwa sababu hauonekani kuwa mbaya siku unapotolewa. Maelfu ya watu wako barabarani, waandishi wamejaa, wakubwa wanataka neno la kuwatuliza watu, na mtaalamu ana matokeo ya awali mkononi. Ni rahisi kusema haina madhara. Ngumu ni kusema: mti huu tumeutambua, una ndugu mwenye sumu, hii hapa ni picha ya bamba inayowatenganisha, na kila shehena ya mizizi itakayoingia Samunge tutaichukulia kipande. Sentensi hiyo haina utamu wa gazetini, lakini ndiyo inayodumu. Ile fupi ilidumu wiki chache tu kabla haijaanza kutumiwa na watu ambao haikuwa imewakusudia.

Kwani ilitokea nini? Vikombe vikazaliwa. Mbeya, Tabora, Rombo, kila kona akatokea mwenye ndoto na sufuria, na kila mmoja akijifunika kwa kauli kwamba serikali imeshapima. Imepima nini? Ilipima cha Samunge. Tangazo halikuja na alama ya kikemikali ambayo mkaguzi wa Rombo angeichukua akalinganisha na sufuria iliyokuwa mbele yake, kwa hiyo lilikuwa leseni ya wote. Hapa ndipo naona ajabu ya kisa chenyewe: mtu pekee aliyekuwa na udhibiti wa chanzo alikuwa Babu. Yeye alisema wazi kwamba dawa haifanyi kazi isipotolewa kwa mkono wake pale kijijini, hairuhusiwi kubebwa, hairuhusiwi kuuzwa kwingine. Alitoa sababu za kiroho, ila kwa mkaguzi wa dawa huo ulikuwa mpango mzuri wa kufuatilia bidhaa kuliko wowote uliotoka ofisini mwaka ule.

Na huku kwetu? Pita sokoni, pita kwenye minada ya Buchosa, utakuta mizizi mikavu imefungwa mafungu kwa kamba za tyubu ya baiskeli, jina la mugariga likitajwa bila wasiwasi. Wauzaji si matapeli, wengi wao wamenunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu. Unga ndio unaonitisha zaidi. Nimeshasema mara nyingi kwamba mitishamba iliyosagwa na kutiwa kwenye chupa ya juisi iliyooshwa ingepigwa marufuku mpaka kila muuzaji awe na kipande kizima cha mti wake pembeni. Chukua mwarobaini. Kwenye mti, tofauti yake na Melia azedarach inaonekana kwa jani tu, kwa kuwa jani la Melia limegawanyika mara mbili na la mwarobaini mara moja. Saga yote mawili uone kama utayajua, na Melia ina sumu zake kwenye matunda na mbegu.

Turudi maabara, tuangalie ingefanywaje, maana lawama bila njia ni kelele.

Kwanza, ile tabia ya vyuo vyetu ya kutengeneza jedwali la alama za kujumlisha ingewekwa kando. Mnalijua jedwali hilo: alkaloidi jumlisha, tanini jumlisha mbili, saponini jumlisha tatu, hitimisho kwamba mmea una uwezo wa kutibu. Nusu ya mimea ya Tanzania inaweza kutoa jedwali lilelile. Kwa mugariga na msunguti jedwali hilo lingekuwa baya zaidi ya kutofaa, lingepotosha. Mizizi ya jenasi ya Carissa yenyewe imeripotiwa kuwa na glikosidi za moyo, mfano odorosidi H. Kwa hiyo ukipima kundi zima la glikosidi za moyo na kupata ndiyo, hujatenganisha chochote. Halafu kuna mtego wa pili ambao wanafunzi hutumbukia kila mwaka: jaribio la Keller-Kiliani, lile la pete ya kahawia. Hilo linashika sukari zisizo na oksijeni kwenye kaboni ya pili, kama digitoksosi. Uabaini, sumu kuu ya msunguti, imebeba ramnosi, ambayo kaboni yake ya pili ina oksijeni yake kamili. Pete haitokei. Mtu anaandika hapana kwenye daftari, na sumu imo ndani ya mrija anaoutazama.

Kitendanishi sahihi ni cha Kedde, kinachoshika ile pete ya laktoni ya kadenolidi, kundi la glikosidi za moyo ambalo uabaini imo, bila kujali sukari. Unakipuliza juu ya bamba la kromatografia ya tabaka jembamba, na madoa yanatoka zambarau kwa dakika chache kabla ya kufifia, kwa hiyo kamera iwe tayari. Kimiminika cha kuendeshea ni asetati ya ethili, methanoli na maji, kwa uwiano wa 81:11:8, mchanganyiko ambao umo kwenye vitabu vya farmakognosia tangu zamani. Uabaini inapenda maji mno, kwa hiyo inabaki chini ya bamba wakati glikosidi zisizopenda maji sana zinapanda juu. Hapo ndipo utengano ulipo, kwenye urefu wa safari, na rangi pekee isingekupa.

Mistari mitano ingetosha. Wa kwanza mzizi wa mugariga uliochimbwa na mtaalamu wa mimea, sampuli yake ikiwa hebaria. Wa pili mzizi wa msunguti, vivyo hivyo. Wa tatu uabaini safi ya dukani. Wa nne kikombe chenyewe kutoka chunguni. Wa tano ndio watu huusahau: mugariga uliochanganywa kwa makusudi na msunguti kidogo, sehemu moja kwa kumi, kisha moja kwa mia, ili tujue bamba letu linaona hadi wapi. Bila mstari wa tano, kutoona doa kwenye mstari wa nne kunaweza kumaanisha tu kwamba huna macho. Na mizizi yote ichemshwe kama ilivyochemshwa Samunge, kwa maji, siyo kwa methanoli kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka maabara. Uabaini huyeyuka vizuri kwenye maji ya moto. Anayedhani kuchemsha kungeiua akumbuke kwamba wawindaji huchemsha magogo ya msunguti kwa saa nyingi mpaka yatoe uji mzito mweusi, na uji huo ndio unaoangusha wanyama.

Kwa mashine kubwa za kromatografia ya kimiminika, angalizo ni moja. Kadenolidi hunyonya mwanga wa urujuanimno kwenye nanomita 220 hivi. Maabara nyingi huacha kigunduzi kwenye 254 kwa mazoea, na hapo uabaini karibu haionekani. Ikiwapo spektromita ya masi, tafuta ioni ya 585, na 607 yenye sodiamu. Vipimo vya DNA ni vizuri kwa jani bichi, ila kwa mzizi uliotokoswa sipotezi muda navyo.

Sasa nani aliwahi kufanya mambo haya vizuri? Wabelgiji walijifunza kwa machozi. Kliniki ya kupunguza unene mjini Brussels iliwapa wateja wake vidonge vilivyopaswa kuwa na Stephania tetrandra. Wanawake wakaanza kupoteza figo, daktari Vanherweghem na wenzake wakaandika habari hiyo mwaka 1993, na idadi ikaja kupita mia moja. Waliopima unga baadaye waliuliza maswali mawili kwa pamoja: tetrandrini iliyotakiwa iwemo, imo? Asidi ya aristolokia ambayo haikutakiwa, imo? Kwenye sampuli nyingi cha kwanza kilikosekana na cha pili kilikuwapo. Mzizi ulikuwa wa Aristolochia fangchi, mmea wa familia nyingine kabisa ambao jina lake la Kichina linakaribiana na la Stephania. Maswali mawili kwa sampuli moja. Hilo tu ndilo nililolitaka Samunge.

Lakini mashujaa wangu ni wa zamani zaidi, na wanatuhusu. John Kirk, daktari wa msafara wa Livingstone wa Zambezi na baadaye balozi wa Uingereza Zanzibar, aliweka mswaki wake pamoja na sumu ya mishale ya mmea wa kombe, akausugulia meno, akahisi uchungu na kuona mapigo ya moyo yanapungua kasi. Badala ya kusimulia tu, mbegu zikapelekwa Edinburgh, na Thomas Fraser akatoa humo strofanthini. Dawa ikapendwa Ulaya, biashara ikakua, na papo hapo mbegu za Strophanthus za spishi mbalimbali zikaanza kuchanganywa kwenye magunia. Wafamasia wa enzi hizo hawakuwa na spektromita. Walikata mbegu, wakadondoshea asidi ya sulfuriki: ya Strophanthus kombe inageuka kijani, ya Strophanthus gratus inaelekea wekundu. Tone moja la asidi, kiini cha mbegu, jibu. Na hiyo glikosidi ya gratus ni ileile uabaini ambayo Arnaud wa Ufaransa aliitoa kwenye mti wa Acokanthera mwaka 1888. Zaidi ya karne moja kabla ya Samunge, watu wa dukani walikuwa wanaitenganisha na jirani zake kwa chupa ya kudondoshea na subira.

Hapa nyumbani pia tulikuwa na watu. Kitengo cha utafiti wa tiba asili cha Muhimbili kilianzishwa mwaka 1974 na kikawa taasisi mwaka 1991. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1982 na 1983, Hedberg, Madati, Mshigeni, Mshiu na Samuelsson walichapisha orodha yao ya mimea ya tiba ya Tanzania, familia kwa familia, sehemu ya kwanza ikianzia Acanthaceae hadi Cucurbitaceae. Apocynaceae imo. Kila mmea una sampuli yake ya hebaria yenye namba, ukibishana nao unakwenda kabatini unafungua. Hayo ndiyo malezi. Ukitoka kwenye kazi kama ile ukaja kwenye tangazo la Machi 2011, unajiuliza kabati lilifungwa na nani.

Kejeli ni kwamba mwaka uleule, miezi michache baadaye, Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, na wenzake wakatoa utafiti kuhusu panya mkubwa wa msituni, Lophiomys, anayetafuna gome la msunguti na kujipaka mate yake ubavuni ili mbwa akimuuma ajute. Panya anaujua msunguti. Dunia nzima ikasoma habari za panya yule.

Watakaonijibu nawajua, na jibu lao bora ni hili: uabaini ikinywewa hainyonywi vizuri tumboni, ndiyo maana nyama iliyopigwa mshale huliwa, kwa hiyo hata kama msunguti ungeingia chunguni watu wengi wasingedhurika. Ni hoja ya mfamasia, naiheshimu. Lakini msunguti hauna uabaini peke yake, una akovenosidi pia, na waliojipanga barabarani Loliondo hawakuwa wawindaji wenye afya. Walikuwa wagonjwa wa moyo, wa figo, wa kisukari, wazee waliotapika siku mbili njiani. Miongoni mwa watu wa namna hiyo wapo wanaomeza digoksini, na wapo wanaomeza vidonge vya kukojoza vinavyoshusha potasiamu. Potasiamu ikishuka, moyo unazidiwa na glikosidi kwa kiasi ambacho mtu mzima wa afya asingekisikia. Kwa mgonjwa huyo, ufyonzaji mdogo haumwondoi hatarini, na ndiye aliyekuwa mbele kabisa ya foleni.

Siku hizi kipande cha mzizi kutoka Sengerema hakisubiri hata kivuko. Tangu Juni 2025 kinapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, na ofisi ya Mkemia Mkuu ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Bamba la silika, kopo la kuendeshea, chupa ya Kedde na miligramu chache za uabaini safi. Mizizi ya msunguti ya kulinganishia ichimbwe na mtu wa hebaria, akiwa amevaa glavu.